Jiwe la Kitungulu Sumu

Faida mwanangu,

Barua huanza na salamu, na baada ya salamu mtu anauliza hali. Sasa nikuulize hali gani, na wewe uko nyuma ya ukuta huu huu, nakusikia unakunja nguo na kuzikunjua tena kwa sababu sanduku linakataa kufunga? Shangazi yako amekaa hapo mlangoni tangu jua likiwa juu, anakupa mausia: usitembee peke yako usiku, usimpe mtu simu yako, usiache kusali, ukipanda boti kamata mfuko kwa mikono miwili. Hayo yote nimemwachia. Anayajua kuliko mimi, tena ana sauti.

Mimi nina jambo moja, nalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Unanijua, mimi ni mtu wa maneno mengi. Nimeongea nawe juu ya serikali, juu ya mpira, juu ya mihogo ya watu wengine. Jambo hili nililianza mara nyingi tukiwa shambani, na kila mara nikaishia kukuuliza kama umeona jembe langu liko wapi. Ndiyo maana naandika. Kiswahili cha kuandika nilikipata ng'ambo, kambini Tanzania, kwa mwalimu aliyetusahihisha kila neno, kwa hiyo usicheke ukiona naandika kama mtu wa vitabu na kusema kama mtu wa hapa Lubondja. Nitaiweka barua juu ya sanduku lako. Isome kabla pikipiki haijafika.

Jambo lenyewe ni hili. Mama Rukundo hakukulisha sumu. Hakumlisha mama yako. Hakuna mtu aliyewalisha. Sumu ilitoka ndani ya kisima changu, nilichokichimba mimi kwa mikono yangu. Nimelijua hilo tangu mvua zilizopita, na nikanyamaza.

Rudia kusoma kama unataka, mimi nangoja.

Kilichonisukuma ni ile siku tulipokwenda mjini Baraka kukununulia godoro. Pale sokoni msichana mmoja wa milimani, mwenye beseni la chupa za maziwa, alikusalimia kwa jina. Nafikiri mlisoma darasa moja. Akanyoosha mkono. Wewe ukaingiza mikono yako ndani ya kitenge, ukamjibu kwa kichwa. Tulipopita ukaniambia, "Papa, bale si batu ba kupokea kitu mu mikono yabo." Ulisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesema leo mvua itanyesha. Sauti ilikuwa yako, maneno yalikuwa yangu. Nilinunua godoro la kwanza nililoonyeshwa, nikalifunga vibaya nyuma ya pikipiki, likaanguka njiani, likaanguka tena, na wewe ukanicheka ukasema papa amezeeka. Sikuwa nimezeeka. Nilikuwa naona haya hata vidole havikushika kamba.

Nianzie mbali kidogo, ndiyo utaelewa.

Tuliporudi kutoka ng'ambo ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nyumba ya babu yako tuliikuta nguzo na majani. Mama yako alikuwa anashuka mtoni na bidoni ya maji kichwani na wewe mgongoni, na njia ile ilikuwa na watu wenye bunduki wa kila aina, kila kundi na jina lake. Akichelewa, mimi nakaa mlangoni siwezi hata kunywa chai. Siku moja nikasema basi, imetosha. Kabla ya vita nilikaa ndani ya mashimo ya dhahabu, najua kuchimba, najua kuzuia udongo usimwangukie mtu. Mke wangu hatakwenda kufia mtoni kwa ajili ya maji ya kusonga bugali. Nia yangu ilikuwa nzuri. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli, na mbele huko utaona kweli zangu zinavyopungua.

Juu nilikuta udongo mwekundu, chini yake kokoto, halafu nikafika kwenye mwamba. Nikapiga nyundo. Ikatoka harufu.

Hapa nikufundishe neno la machimboni. Kuna jiwe la rangi ya fedha, linang'aa kama kisu kipya. Ukilipiga linanuka kile kiungo cha mboga ambacho sisi hapa tunakiita kitungulu sumu. Na wachimbaji wanaliita hivyo hivyo, jiwe la kitungulu sumu. Wanalipenda, kwa sababu linatembea pamoja na dhahabu. Ukisikia harufu ile unaita wenzako, mnakaza kamba, mnaendelea. Kule kambini mwalimu wetu alinicheka mpaka machozi niliposema neno hilo darasani. "Saumu, mzee, saumu! Hakuna sumu kwenye kitunguu." Basi nikajifunza, nikarudi kwetu najidai. Nilimsahihisha mama yako sokoni mbele ya watu, na yeye, unamkumbuka ulimi wake, akamgeukia muuzaji: "Mupe profesa saumu yake. Mi unipe sumu." Soko zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Kumbe sisi wajinga, tuliokosea neno, ndio tuliolitaja jiwe lile kwa jina lake.

Na nilijua zaidi ya harufu, mwanangu. Wakubwa wa shimo walituonya kwamba jiwe lile likichomwa linatoa moshi mweupe, na moshi huo usiuvute, simama upande upepo unakotoka. Na maji yanayojaa ndani ya shimo lake hatukuyanywa. Hakuna aliyetueleza sababu, na vijana hawaulizi. Tulibeba maji ya mto kutoka mbali, tukayapita yale ya shimoni, masafi, yametulia pale chini yanatutazama. Nimeyapita kwa miaka. Halafu siku ile, ndani ya uwanja wangu mwenyewe, harufu ile ile ikanipanda puani, na mimi nikafurahi. Nikajiambia, Papa Faida, umerudi kutoka ukimbizini, kumbe dhahabu imekungoja chini ya nyumba.

Sikumwambia mama yako. Vipande vya jiwe nilivitia kwenye gunia nikavisukuma chini ya kitanda chetu, nikamwambia ni vyuma vya kazi. Ukuta wa kisima nikaujenga kwa mawe ya mto, chini mpaka juu, mtu asione kinachong'aa. Nilipanga kwamba nchi ikitulia nitarudi kuichimba dhahabu yangu polepole, bila mtu kujua. Nchi haikutulia, na dhahabu sijaiona mpaka leo. Maji ndiyo yaliyokuja. Yalikuja baridi, hayana rangi, hayana harufu. Mama yako alionja wa kwanza akasema, "Papa Faida, hii maji iko tamu kupita ya muto." Majirani wakaja na bidoni zao, hakuna niliyemzuia, na baada ya muda wakaanza kuniita Papa Kisima. Nililipenda jina hilo kuliko ilivyofaa.

Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Waongo. Mimi nusu ya kila mwaka nilikuwa nimerudi machimboni, nakunywa maji ya mto. Mlioingia ni nyinyi mliobaki nyumbani.

Mama Rukundo unamkumbuka vibaya, na hiyo ni kazi yangu, kwa hiyo acha nikukumbushe vizuri. Alishuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, wakati nyumba za huko juu zilipochomwa. Alikuja na mwanawe Rukundo, ng'ombe wawili na kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Shefu wa kijiji akawapa nafasi chini ya shamba letu. Wewe ulikuwa umeanza shule juzijuzi, na ukitoka shuleni unapita nyumba yako unaenda kwake. Alikuwekea kikombe chako cha plastiki, cha kijani, na mtu mwingine hakukigusa. Desturi unaijua, ni moja hapa na huko milimani kwao: anayekupa kitu anaonja mbele, kabla yako, uone mwenyewe kwamba ni salama. Yeye hakuiacha hata kwa mtoto. Anamimina maziwa, anaonja, anapangusa mdomo wa kikombe na kitenge chake, ndipo anakupa; na ya mama yako anayaleta nyumbani, anaonja vivyo hivyo. Na wewe ukajifunza. Ulikuwa unaonja uji mbele ya kumpa paka, unapangusa sahani na gauni lako. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Ugonjwa ulianza kwa madoa. Kifuani pa mama yako yalitokea madoa madogo, meusi na meupe, kama vumbi la uwanjani likidondokewa na mvua ya kwanza. Halafu viganja vyake vikawa vigumu, vikaota vipunje kama punje za mahindi, na nyayo vilevile. Kwenye kituo cha afya wakampa pomada ya kupaka, kisha pomada nyingine. Baada ya muda nikaona viganja vyako vidogo vina vipunje vile vile. Hapo watu wakaanza kusema.

Sasa unisikilize vizuri. Kwetu mtu hapatwi na sumu hivi hivi. Hatusemi amekula sumu, tunasema wamemulisha. Neno lenyewe linatafuta mtu. Mgonjwa akilala na ugonjwa wasioujua, swali ni nani. Nani alimupa chakula, nani anaingiaka kwake, nani hakumupenda. Sijapata kusikia mtu akiuliza ni nini. Mimi mwenyewe niliuliza namna hiyo kwenye vilio vya watu wengi, nikiwa na sahani ya chakula cha matanga mkononi, na sikuona ubaya.

Shefu akaita barza kwenye uwanja wake. Watu walijaa. Mzee mmoja aliuliza, "Na maji je? Wanakunywaka maji gani?" Niliona akilini wakikifukua kisima changu, wakiyatoa mawe ya mto moja moja mpaka wafike kwenye kile kinachong'aa. Shefu akanigeukia. "Papa Faida, nani iko analeta kitu ya kukula kwako?" Nikajibu haraka, kabla mzee yule hajarudia swali lake. Nikasema, "Mama Rukundo anabaletea maziwa."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana nakuambia, ukweli wa mtu mwoga uutazame mara mbili.

Watu wakataka kuona. Ulikuwa umesimama na shangazi yako. Nikakuita, ukaja mbio. Nikakushika mikono yote miwili nikaiinua juu, viganja nje, ili hata wale wa nyuma waone. Ulifikiri nakubeba, ukaanza kucheka. Halafu ukaziona sura za watu, ukaacha.

Mama Rukundo akasimama. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi peke yangu akasema, "Papa Faida, mi naonjaka mbele." Watu wakamzomea. Akarudia, "Mi naonjaka mbele, na we unaonaka." Nilikuwa nimeona, ndiyo. Nilikuwa nimeona siku zote. Nikatazama chini, na mikono yako bado iko juu.

Hawakumuua. Watu hapa wanalisema hilo kama sifa: sisi hatukumuua. Usiku mzima mawe yalianguka juu ya bati lake, na ng'ombe mmoja akakatwa. Akaondoka kwenye mvua na mwanawe na ng'ombe aliyebaki, njia ya Baraka. Nilipofungua mlango asubuhi, kikombe chako cha kijani kilikuwa hapo kizingitini, kimeoshwa, kimegeuzwa mdomo chini. Nilikitupa chooni. Ulipokiulizia nilikuambia kimepasuka.

Mama yako hakuwa na nguvu ya kwenda barza, lakini akili yake haikuugua. Siku moja aliniambia, "Kama ni yeye, mbona yeye amekwenda na ugonjwa imebakia?" Nikamwambia alale. Nikatoka, nikachota maji, nikamletea, akanywa akasema asante. Kidonda chake cha mguuni kilikataa kupona, na mimi, mume mwema, nilikiosha kila siku kwa maji yale, nikamnywesha dawa kwa maji yale. Mambo ya mwisho wake sitaandika, ulikuwepo. Nitasema tu kwamba alikufa akijua nimemficha kitu, hakujua kitu gani. Alikuwa akinitazama namna hiyo, na mimi nikajifanya naona ni homa.

Halafu ukaenda Baraka kusoma, mikono yako ikaanza kulainika. Shangazi yako akasema ni maombi, mimi nikasema amina. Ukija likizo nakupokea njiani na kopo la maji ya kisima, nakuambia, kunywa maji ya kwenu, hayo ya Baraka hayana ladha. Ee Mungu wangu. Nakumbuka ulivyokuwa unarudisha kichwa nyuma, unakunywa bila kupumua, na mimi nimesimama hapo nimejaa furaha.

Wakati wa mvua zilizopita walipita watu wanaopima maji. Walijaza vichupa, wakaondoka, tukawasahau. Waliporudi, msichana mmoja kati yao, wa Bukavu, aliniita pembeni. "Papa, maji yenu iko na arseniki. Ni sumu." Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Nani aliitia?" Akanitazama kama amesikia vibaya. "Hakuna muntu, papa. Inatoka mu jiwe." Nikamuuliza, na tukiichemsha? "Ukichemsha, maji inapunguka, sumu inabakia." Akaomba kuona viganja vyangu, akavigeuza kwenye mwanga. Akauliza kama wakati wa kuchimba niliona jiwe la kung'aa. Nikamwambia hapana.

Hata pale, mwanangu. Mama yako ameshazikwa, dhahabu hakuna, na bado nilisema hapana.

Aliniagiza nikifunge kisima na niwaambie watu sababu. Nilikifunga. Watu niliwaambia panya ameanguka ndani, nitakisafisha. Ndiyo maana wananiuliza kila siku, Papa Kisima, utafungua lini? Na wapo wanaoinua kifuniko nisipokuwepo, najua, maana nikirudi shambani naikuta kamba imelowa. Nikaiona kamba hiyo imelowa, nikaingia ndani, nikala.

Juzi nilikuaga kwamba naenda Baraka kukukatia nafasi ya boti ya Uvira, uende masomoni. Nilikata. Halafu nikamtafuta Mama Rukundo. Haikuwa kazi; anauza maziwa nyuma ya soko, alikuwa karibu namna hiyo siku zote hizi. Nilipita mbele ya mlango wake nikaenda mpaka ziwani, nikarudi, nikapita tena. Mwishowe ni yeye aliyeniita. "Papa Faida. Unatafuta nani?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: jiwe, harufu, gunia, barza, jibu langu. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Badala yake akauliza, "Faida angali anakunywaka ile maji?" Nikasema hapana. "Na mikono yake?" Nikasema imelainika. Akauliza, "Na mama yake anaendelea namna gani?" Hakuna aliyempelekea habari. Nilipomwambia, akakaa chini akalia. Alimlilia mama yako, Faida, yeye niliyemfukuza kwa jina la mama yako.

Nikamwomba msamaha. Akajifuta uso akasema, "Kwangu umekwisha kusema. Lakini kesi haikukuwa kwangu. Enda useme pale uliinua mikono ya mutoto."

Kesho watu watakusanyika kwenye uwanja wa shefu kukusindikiza, na mchungaji ataomba kabla hujapanda pikipiki. Ni uwanja ule ule. Nitasema hapo. Gunia nimelitoa chini ya kitanda, liko karibu na mlango. Nitatoa jiwe moja nilipige nyundo mbele yao, harufu itoke. Nusu ya wanaume wa hapa wameshapita machimboni, hawatahitaji mfasiri. Wapo watakaorudi nyumbani kutazama vifua vya watoto wao. Wapo watakaonifuata na maneno, pengine na zaidi ya maneno, na watakuwa na haki. Siku yako itaharibika. Ulingoja siku hii miaka, na shangazi yako amekwisha kuchinja mbuzi, na mimi nitaiharibu.

Nilifikiri kungoja uondoke kwanza, usione papa yako anavyozomewa. Halafu nikajijua. Ukishavuka Baraka, mimi nitaufunga mdomo wangu tena, nitapata panya mwingine wa kutia kisimani. Nataka uwepo kwa sababu wewe ukiwepo sitakimbia. Unaona, hata aibu yangu naitafutia mtu wa kuishikilia.

Lakini mikono yako sitaigusa. Mara hii sitakuita. Ukitaka kusimama nyuma na shangazi yako, simama. Ukitaka kutangulia, mwambie mwenye pikipiki mwondoke mapema, sitakulaumu. Huko Uvira wakiuliza vipunje hivyo ni vya nini, usiseme tena kwamba walikulisha. Sema ni maji. Sema ni maji ya kisima cha papa yangu. Na kitu kikikuuma huko, uulize ni nini kabla hujauliza ni nani. Sina ushauri mwingine, na huo wenyewe nimeupata nikiwa nimechelewa.

Kuna kitu kimoja zaidi. Ndani ya mfuko wako, upande wa viatu, kuna kibidoni cha njano kimefungwa na kipande cha kitenge. Ulinikuta nikikiweka ukauliza ni nini, nikasema mawese. Ni maziwa ya kuganda. Yametoka kwa Mama Rukundo, ni ya safari yako.

Sikuambii uyanywe. Ukiyamwaga njiani, ni mimi niliyekufundisha. Nitakuambia tu alivyoyatoa. Aliyamimina mpaka kibidoni kikajaa, halafu akachukua kikombe akajimiminia kidogo. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama Rukundo, acha. Tafadhali usionje. Si wewe wa kuonja." Akautoa mkono wangu juu ya mkono wake, bila ukali. "Nisipoonja, batasema tena." Akanywa, akapangusa mdomo wa kibidoni na kitenge chake, akafunga, akanipa.

Alionja mbele yangu, Faida. Mbele yangu mimi, mwenye kisima.

Papa yako